Hasi Mbili na Robo

Sikujua kwamba mti una majani, jani moja moja.
Nilidhani mti ni wingu la kijani lililosimama,
na ndege ni sauti tu,
na kwamba kila mwindaji huachia mshale
kama mtu anayebahatisha jina la mgeni.

Miezi miwili niling'oa vitunguu vya watu Mang'ola,
mikono ikanuka hadi asali ikakataa kulika,
ndipo nikapanda Karatu kwa yule binti, Elineema,
mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni.
Akanionyesha herufi. Nikamwambia, hizo hatujuani.
Hakucheka. Akageuza ubao: vimeza vyeusi
vya miguu mitatu, vingine vimelala, vingine vimepinduka.
"Miguu imeelekea wapi?"
Hilo naliweza. Maisha yangu yote naulizwa hilo:
amepita wapi, ameelekea wapi.
Nikaonyesha kwa kidole, mstari hadi mstari,
mpaka vimeza vikawa mchwa, na mchwa wakawa vumbi.
"Hasi mbili na robo," akaandika.
Vioo vikasagwa Arusha mjini, vikarudi ndani ya bahasha
kama barua niliyoandikiwa utotoni, ikachelewa njiani.

Sasa sikilizeni taabu yake.

Upinde hauna habari na miwani.
Siku ya kwanza nilivuta kano hadi shavuni,
nikaachia: kamba ikakwaruza fremu,
miwani upande huu, mshale upande ule,
kanga naye akashika upande wake,
na shemeji yangu Gudo akakaa chini kucheka
mpaka akasahau kwamba tuna njaa.

Nikaifunga kisogoni kwa mpira wa baiskeli.
Jasho likashuka. Pumzi ya alfajiri ikapanda,
nikawa nimebeba ukungu wangu mwenyewe usoni.
Nikajifunza kupumua kwa pembe ya mdomo, kwenda chini.
Jua likipiga kioo, digidigi anainua shingo,
ameona nyota saa nne asubuhi;
basi nikajifunza kulipa jua kisogo.
Na nikisimama ubavu, alivyonifundisha baba,
jicho linaangukia ukingoni mwa kioo,
pale dunia inapopinda kama kijiko.
Ikabidi nisimame upya, mzee mzima,
kifua mbele, uso wote kwa mnyama,
kama mtu aliyekuja kudai deni.

Mwezi wa tatu nikampata. Dume, hatua ishirini.
Niliona ile alama ya masizi chini ya jicho lake.
Niliona inzi akitembea sikioni mwake.
Nikaachia kabla sijaona zaidi.

Lakini kuna jambo sijamwambia Gudo.

Miaka kumi na tisa nimesimulia chui
niliyemkuta juu ya mwamba, ng'ambo ya korongo,
amelala, mkia unaning'inia.
Nilisimama na upinde hadi giza likaingia.
Hakutikisika. Sikutikisika.
Tukaheshimiana. Toka siku ile
kambi nzima huzunguka mbali kufuata maji
kwa ajili ya chui wangu.

Juzi nilipita pale nikiwa nimevaa.

Jiwe.
Jiwe lenye madoa ya ukoga,
na mzizi wa mtini ukining'inia.
Nikavua: chui.
Nikavaa: jiwe.
Nilivua na kuvaa mara nne, peke yangu,
nikatazama nyuma kama kuna mtu.

Kisha nikafuata ile njia ndefu ya maji.

Usiku watoto wakija kumdai,
naivua kwanza, naitia ndani ya soksi.
Moto unafura, unakuwa ua moja kubwa lisilo na kingo.
Nyuso zao zinayeyuka.
Kule gizani kitu kinajinyoosha.
"Alikuwa amelala," naanza,
na Gudo, anayeijua hadithi kunishinda,
anaongeza, "mkia unaning'inia."